Fundi rangi wa Stechford aliyekataa kupaka

Kikohozi kinasikika kabla mlango haujafunguliwa. Kinatoka ghorofani, kikavu na kifupi, kinarudi mara ya pili na ya tatu, kisha kinafuatwa na mluzi mwembamba kama wa birika linalokaribia kuchemka. Zuleha Mbarouk ameinua mkono abishe hodi, lakini mkono umebaki hewani. Anasikiliza.

“Huyo ni mtoto,” anasema, akiishusha ndoo ya rangi chini. “Na hiyo si mafua. Hicho ni kifua kinapigana.”

Ni saa mbili asubuhi katika mtaa wa Stechford, mashariki mwa Birmingham. Mvua ya Novemba imekesha ikinyesha na bado haijachoka. Treni ya kwenda mjini inapita nyuma ya nyumba, vioo vya madirisha vinatetemeka, na kikohozi kinasikika tena juu ya mngurumo wake.

Zuleha ana miaka arobaini na minane. Amevaa ovaroli iliyokuwa nyeupe, sasa imejaa madoa ya rangi za kuta za watu, na mtandio mweusi ameufunga kwa nyuma ya shingo. Gari lake dogo la mizigo limeegeshwa kando ya njia, ngazi ikiwa imefungwa juu. Ubavuni mwa gari limeandikwa jina lake kwa herufi nyekundu zinazosomeka kutoka ng’ambo ya barabara.

“Niliambiwa niandike jina la kampuni,” anasema. “Nikawajibu, kampuni ndiyo mimi.”

Mlango unafunguliwa na Shemsa, mama wa miaka thelathini na mmoja, aliyehamia hapa kutoka Unguja baada ya kuolewa. Mkono mmoja umeshika kitasa, mwingine chetezo kinachofuka udi.

“Karibu Bi Zuleha, ingia upesi, harufu isitoke,” anasema, na anaufunga mlango nyuma ya mgeni wake. Madirisha yote yamefungwa. “Saa nne anakuja mtu. Nataka ukuta wa juu uwe mweupe kabla hajafika.”

“Mtu gani?”

“Mkaguzi wa nyumba.”

“Mkaguzi anakuja kukagua ukuta, na wewe unataka mie nimfichie ukuta?”

“Sikukuita uniulize, Bi Zuleha. Nimekuita upake.”

Zuleha anacheka kicheko kinachojaza ukumbi mzima. “Haya, tajiri wangu. Nioneshe kazi.”

Juu ya ngazi ameketi Zainab, binti wa Shemsa mwenye umri wa miaka sita, magoti yamegusa kidevu, na pampu ya buluu ya dawa ya pumu mkononi. Anatoa shikamoo kwa Kiswahili safi. Baada ya hapo kila anachoulizwa anakijibu kwa Kiingereza: kwamba hajambo, kwamba hakwenda shule, kwamba chumba kile ni chake lakini siku hizi analala sebuleni kwenye kochi pamoja na mama yake.

Chumba chenyewe kimepangwa vizuri. Kitanda kimetandikwa, vikaragosi vimekaa kwa safu, zulia limefagiwa mpaka nyuzi zimelala upande mmoja. Ukutani, nyuma ya kitanda, kimetundikwa kitambaa kikubwa cha mahameli chenye picha ya Kaaba kwa nyuzi za dhahabu, zawadi ya mama mkwe aliporudi umra.

Zuleha anatamka bismillahi, anakiondoa kwa mikono miwili, anakikunja na kukiweka juu ya kitanda.

Ukuta ni mweusi. Kuvu imeanza karibu na dari, upande wa dirisha, na kuteremka hadi sakafuni, ikipanuka kadiri inavyoshuka. Karatasi ya ukutani imevimba na kuachia kama ngozi iliyoungua. Harufu yake inaushinda udi.

“Gunia,” anasema Zuleha. “Hiyo ni harufu ya gunia la karafuu mbichi.”

Alizaliwa Wete, Pemba, kwenye nyumba ambayo msimu wa karafuu hakuna aliyekaa bure. Anakumbuka kaka yake mkubwa alivyofunga gunia haraka kwa kuwa wingu lilikuwa limetanda na mnunuzi alikuwa njiani. Karafuu hazikuwa zimekauka. Walipolifungua gunia, zilikuwa zimeshika kuvu nyeupe kuanzia chini hadi juu, na zikatupwa zote.

“Baba hakumpiga,” anasimulia. “Alimwambia tu, ‘Ulichokifunga kibichi umekiua mwenyewe.’ Basi mie nikiona mtu anataka kupaka rangi juu ya ukuta mbichi, naliona gunia lile.”

Anasogea pembeni, mahali ambapo kuvu haijafika, anainamisha kichwa na kuliweka shavu lake juu ya ukuta. Amefumba macho. Hivyo ndivyo anavyofanya kazi. Viganja vyake, anasema, vimeota sugu kwa saruji na msasa, havihisi tena kitu. Shavu halijaota sugu.

“Umelowa mpaka huku,” anasema. “Shemsa, mwanangu, sipaki.”

“Hupaki?”

“Sipaki. Nikipaka leo, mgeni wako ataona weupe. Baada ya wiki chache kuvu itatoboa rangi yangu na kutoka, na mtoto atakuwa amerudi kulala humu kwa sababu ukuta ulikuwa mweupe.”

“Nitakulipa siku nzima.”

“Najua utanilipa. Ndiyo maana nakataa mapema, kabla sijaitamani hiyo pesa.”

Kwa siku ya kazi Zuleha hulipwa kiasi cha pauni mia moja na sitini, na msimu wa baridi siku zisizo na kazi si chache. Kwa hesabu yake mwenyewe, wapangaji saba kati ya kumi wanaompigia simu kuhusu kuvu hawamwiti kuitibu. Humwita aifunike, kwa kuwa kuna harusi, kuna wakwe, kuna maulidi, kuna mtu anakuja.

Ufundi hakuuanzia Pemba wala darasani. Alipofika Birmingham na mumewe alikuwa akisafisha ofisi upande wa Edgbaston. Baadaye mume alirudi Zanzibar, naye akabaki na watoto wawili kwenye nyumba ya kupanga. Katika moja ya ofisi hizo fundi wa plasta aitwaye Gurvinder alikuwa akikarabati ukumbi mrefu.

“Kila nikifagia, vumbi lake linarudi,” anakumbuka. “Nikamwambia, hebu nipe mwiko huo nikuoneshe kazi inavyofanywa. Nikatupa plasta ukutani, ikashuka yote juu ya viatu vyangu. Alicheka mpaka akakaa chini. Kesho yake akaniletea ovaroli.”

Kwa misimu miwili ya baridi alifuatana na Gurvinder, jioni akihudhuria mafunzo ya ufundi chuoni. Wanaume wa jamii yake, anasema, bado humwuliza kama ngazi anaipanda yeye mwenyewe.

“Nawajibu, naipanda mie, na wewe njoo unishikie.”

Shemsa hacheki. Amekaa kwenye ncha ya kitanda, mahameli ameyapakata kama mtoto. Anachokiogopa anakitoa kidogo kidogo, akiangalia mlango Zainab asisikie.

Mkaguzi huyu si mara yake ya kwanza kuja. Mwishoni mwa majira ya joto, mumewe Amour, ambaye husafisha mabasi ya safari ndefu huko Digbeth na leo pia yuko kazini, alipiga simu kwenye kampuni inayosimamia nyumba na kulalamika. Mkaguzi akatumwa. Amour alikuwa kazini. Shemsa alijiandaa kwa mgeni kama alivyolelewa kujiandaa.

“Nilisugua ukuta kwa dawa ya choo mpaka mikono ikachubuka,” anasema. “Nikatundika mahameli. Nikachoma udi. Nikakaanga sambusa. Sasa mtu amekuja kwako mara ya kwanza, amevua viatu mlangoni bila kuambiwa, anakuuliza, nyumba inakaaje? Utamwambia mbaya? Nikamwambia nzuri, tunashukuru.”

Mkaguzi alipanda juu, akasimama mbele ya picha ya Kaaba, akatazama huku na huko, akasifu harufu. Aliondoka na sambusa zilizofungwa kwenye karatasi ya fedha. Baada ya muda Amour alipigiwa simu: chumba kimekutwa katika hali nzuri, wapangaji wanashauriwa kufungua madirisha.

“Mume wangu akaniuliza, ‘Ulimwonesha?’ Nikamwambia, nilimwonesha nyumba. Akasema, ‘Nyumba sawa, na ukuta je?’” Shemsa anayashika mahameli kwa nguvu zaidi. “Nikaenda jikoni kuosha vyombo.”

“Na leo unataka kurudia,” anasema Zuleha.

“Leo ni mbaya zaidi! Leo anakuja kwa sababu ya kliniki. Watasema mama mchafu. Wataandika mtoto anaumwa kwa uchafu wangu. Wewe hujui wanavyotutazama?”

“Mie? Nimefagia ofisi zao. Najua wanavyotutazama na najua wanavyomwaga chai.”

Hofu hiyo si ya Shemsa peke yake. Inaishi kwenye nyumba nyingi za jiji hili, inakaa nyuma ya mapazia na makabati yaliyosogezwa kufunika kona, na inaifanya kazi ya kuvu iwe rahisi. Mpangaji anaona haya, mwenye nyumba haoni kitu, na kati yao mtoto anavuta pumzi.

Aliyeifanya kampuni imtume mkaguzi tena ni Zilpah, muuguzi kutoka Kenya anayehudumia watoto wenye matatizo ya kifua kwenye kliniki hiyo. Zainab alifikishwa kwake mara mbili msimu huu wa mvua, mara ya pili akiwa hawezi kumaliza sentensi bila kupumua katikati.

“Wazazi wetu wakikuja hapa wananiambia ni baridi ya hii nchi,” anasema Zilpah. “Mimi huwauliza kitu kimoja tu: kitanda cha mtoto kiko karibu na ukuta gani, na huo ukuta unakaa aje? Hapo ndio mtu huanza kufunga vifungo vya koti la mtoto.”

Anaeleza kwamba kuvu hutoa hewani chembechembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Mtu mzima mwenye afya anaweza kuzivuta asihisi kitu. Mtoto mwenye pumu akizivuta usiku kucha, njia zake za hewa huvimba na kubana, ndipo kifua huanza kupiga mluzi. Dawa humtuliza, kisha anarudishwa kwenye chumba kilekile.

“Mimi naweza kumpa pampu,” anasema Zilpah. “Ukuta siwezi kumpa. Hiyo lazima mtu mwingine afanye.”

Ghorofani, Zuleha amemsikiliza Shemsa mpaka mwisho. Halafu anasimama.

“Mchafu? Juu ya sakafu yako hii mie nala chakula bila sahani. Lakini sikudanganyi. Zile nguo unazoanika juu ya hita zinaongeza unyevu. Madirisha haya yaliyofungwa kuhifadhi udi yanaongeza. Hilo ni lako, utalirekebisha. Ila unyevu wa jikoni na wa nguo hukaa kwenye vioo na kwenye pembe. Huu umeteremka toka juu kama mtu kamwaga ndoo. Vaa koti.”

“Twende wapi?”

“Nje. Tukamtafute mwenye ndoo.”

Nje mvua inaanguka kwa mshazari. Zuleha anaegemeza ngazi ukutani, na Shemsa, akiwa na viatu vya ndani na mwavuli wa maua, anaishikilia ngazi kwa chini. Fundi anapanda hadi usawa wa paa. Kutoka huko juu sauti yake inashuka na matone.

“Njoo uone!”

“Mie? Sipandi!”

“Basi tazama hapo hapo ulipo. Tazama matofali.”

Shemsa anarudisha mwavuli nyuma. Mlizamu, ule mfereji wa plastiki unaokusanya maji ya paa, umeachana katikati, na kwenye mwanya wake pameota majani marefu kama bustani. Maji yote ya upande ule hayafiki kwenye bomba la kushusha. Yanamwagika moja kwa moja juu ya matofali, na matofali yameota utando wa kijani kuanzia paani hadi chini, upana uleule, mahali palepale pa kitanda cha Zainab.

Anatazama kwa muda mrefu. Maji yanamwingia viatuni.

“Kumbe ni huko,” anasema.

“Ni huko.”

“Na mie nasugua kwa ndani.”

“Na wewe unasugua kwa ndani, mwanangu. Ungesugua mpaka ukatokea huku nje.”

Hapo ndipo Shemsa anacheka kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, na kicheko kinageuka nusu kilio, na anajifuta uso kwa kona ya mtandio akidai ni mvua.

Zuleha anashuka. Anamwomba kitu kimoja tu: mahameli yasirudi ukutani.

“Mwambie wewe,” anasema Shemsa. “Wewe unajua maneno ya kifundi.”

“Nikisema mie, atamsikia fundi anayetafuta kazi. Ukisema wewe, atamsikia mama. Kiingereza unacho, maneno unayo. Kinachokushinda ni kuyatoa mbele ya mgeni. Mie nitakaa kimya, na unajua kukaa kimya kwangu ni kazi nzito kuliko plasta.”

Shemsa haahidi kitu. Anaingia ndani kubadilisha viatu.

Saa nne kasoro kidogo, Davinder, yule mkaguzi, anabisha hodi. Ni mwanamume wa makamo mwenye kilemba cha buluu, mkoba begani, mpole wa sauti. Anavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Sebuleni anakuta chai ya maziwa yenye iliki na sahani ya kaimati zilizokaangwa na kutiwa shira, na anamuuliza Zainab kuhusu shule. Anamuuliza Shemsa nyumba inakaaje.

“Nzuri,” anajibu Shemsa. “Tunashukuru.”

Zuleha anaweka kikombe mezani kwa kishindo kinachomfanya Davinder ageuke. Zuleha anatabasamu. Anajitia kaimati mdomoni.

Wanapanda juu. Zainab anabaki chini na kaimati zake. Mlango wa chumba unapofunguliwa, Zuleha anasimama ghafla kizingitini. Wakati yeye akifunga ngazi juu ya gari, mahameli yamerudi. Kaaba inang’aa mahali pake, nyuzi za dhahabu zimenyooshwa, na chetezo kinafuka chini yake.

“Niliuma ulimi,” Zuleha atasema baadaye. “Naapa niliuuma.”

Davinder anavuta harufu ya udi na kusema ni nzuri kama ya mara ile. Anaeleza kwamba kliniki imepiga simu kuhusu unyevu, na angependa kuoneshwa uko wapi. Shemsa ananyoosha kidole kwenye pembe ya dirisha, penye madoa machache.

“Hapo. Kidogo tu.”

Mkaguzi anainama, anatazama madoa, anapiga picha moja. Anatazama mahameli, anayapisha kwa heshima, anapita pembeni bila kuyagusa. Anaanza kufunga mkoba wake.

Kutoka chini kinapanda kikohozi. Kikavu, kifupi, mara tatu. Halafu mluzi. Halafu ukimya mrefu kuliko unavyopaswa kuwa, na mluzi tena.

Davinder ameacha kufunga mkoba. Zuleha anatazama sakafu. Shemsa yuko katikati ya chumba, mikono imekumbatia kifua chake mwenyewe, kana kwamba pumzi iliyobanwa ni yake.

Kisha anageuka. Anayashika mahameli kwa mikono miwili, anayatoa kwenye misumari, anayabusu, anayakunja mara mbili na kuyaweka juu ya mto wa mtoto. Ukuta mweusi unabaki wazi mbele ya watu watatu.

“Mara ya kwanza ulikuwa mgeni,” anamwambia Davinder kwa Kiingereza kinachotetemeka mwanzoni na kunyooka mwishoni, “na mgeni mimi simwoneshi ubaya wa nyumba yangu. Leo si mgeni. Leo uko kazini. Tazama.”

Davinder anatazama. Uso wake unabadilika taratibu.

“Mama,” anasema, “siku ile nilikiona kitambaa hiki. Nilisema moyoni, hiki ni kitu kitakatifu cha watu, si haki yangu kukishika.”

“Najua,” anasema Shemsa. “Ndiyo maana nilikitundika hapo.”

Mkaguzi anacheka, kwa aibu, akitikisa kichwa, na Shemsa anacheka akiwa ameziba mdomo, na Zuleha, aliyeruhusiwa hatimaye kutoa sauti, anacheka kuliko wote.

Kicheko kinakatwa na kifaa. Davinder ametoa kipimo cha unyevu, kidude cha mkononi chenye sindano mbili, na anapokigusisha ukutani kinalia. Anakisogeza juu, kinalia. Anakisogeza pembeni, mahali Zuleha alipoweka shavu, kinalia pia. Hasemi kitu tena kuhusu madirisha. Anaomba kuoneshwa nje.

Kwenye mvua anasimama chini ya mlizamu uliovunjika, maji yakimdondokea begani, na kupiga simu akiwa palepale. Anaporudi ndani anasema mlizamu utatengenezwa wiki hii, karatasi na plasta mbovu zitabanduliwa, kuvu itasafishwa kwa dawa yake, na chumba kitawekewa feni ya kutoa unyevu. Mtoto asikitumie mpaka kazi iishe.

“Wiki hii siku gani?” anauliza Shemsa.

“Ijumaa.”

“Ijumaa hii?”

“Ijumaa hii, mama. Nitakuwepo mwenyewe.”

Shemsa anamfungia kaimati kwenye karatasi ya fedha. Mara hii, anasema, ni za mfanyakazi, na mfanyakazi asipokuja Ijumaa atazirudisha.

Davinder anapoondoka, Zuleha anafungua dirisha la chumba. Baridi inaingia, na udi unatoka kwa mkupuo mmoja kuelekea reli. Shemsa ananuna kidogo kuuona ukienda, halafu anachukua chetezo na kukipeleka chini.

Zuleha hatalipwa kwa siku hii. Shemsa amejaribu kumtilia noti mfukoni mwa ovaroli, na noti imerudishwa kwenye kopo la sukari. Hapendi kufanya hivyo kila mara, anasema, kwa kuwa naye ana kodi ya nyumba. Lakini ana mpango, na asubuhi ya leo imempa nguvu ya kuuanza.

Kuanzia mwezi ujao, kila Jumamosi watoto wakiwa madrasa, atakutana na akina mama kwenye ukumbi wa jirani. Atawafundisha kutofautisha unyevu wa mvuke na unyevu wa maji yanayoingia kutoka nje, kuanika nguo bila kulowesha nyumba, na kutosugua kuvu kavu bila kufunika pua na mdomo. Zilpah ameahidi kuja siku ya kwanza kuzungumzia kifua. Wasichana wawili wameshamwambia wanataka kujifunza ufundi wenyewe, ngazi na yote.

“Na somo la kwanza litakuwa kuonesha,” anasema, akikusanya brashi ambazo hazikuguswa. “Kuficha tunajua. Kwa kuficha sisi tumefuzu zamani, hakuna wa kutufundisha. Nataka mwanamke wa Kiswahili wa mji huu asimame mbele ya ukuta wake aseme, ‘Huu hapa, njoo uurekebishe,’ na asiombe radhi.”

Zainab amepanda ngazi, polepole, akipumzika katikati. Anataka kuingia chumbani, lakini Zuleha anamzuia mlangoni kwa goti la ovaroli. Mtoto anachungulia ukuta ulio wazi, anakunja pua, na kuuliza kwa Kiingereza kama utapakwa rangi leo.

“Leo hapana, mwanangu.”

Anauliza kama anaruhusiwa kuchagua rangi.

“Unaruhusiwa. Unataka gani?”

Njano, anasema. Njano kama ndizi, si kama mkojo. Mama yake anamkemea kutoka chini, na Zuleha anasema rangi hizo mbili anazijua zote na hatazichanganya.

Lini sasa? anauliza mtoto.

Zuleha anachuchumaa mpaka macho yao yanakuwa sawa. Anaweka mkono mmoja juu ya bega dogo linalopanda na kushuka.

“Nisikilize, Zainab. Sitakwambia kesho, kwa sababu nitakuwa muongo. Maji yaliingia humu muda mrefu na yatachukua muda kutoka. Lakini wakishautengeneza mlizamu, kila wiki nitapita hapa niuwekee ukuta huu shavu. Ukiwa bado, nitakwambia bado. Siku ukikauka, nitaupaka njano yako toka juu mpaka chini, tutafungua dirisha mpaka harufu ya rangi iishe, halafu utalala kitandani kwako.”

Mtoto anamtazama, anapima. Anapozungumza, anazungumza kwa Kiswahili, kwa sauti ya watoto wenzake wa madrasa wanapodaiana jambo kubwa.

“Sema wallahi.”

Zuleha anavua glavu, anainua mkono wenye sugu, na anasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, ili na mama naye awe shahidi:

“Wallahi, Zainab. Sitaupaka mpaka ukauke, na ukikauka hatopaka mtu mwingine ila mie.”